Bogere na Wimbo Uliotoka Mlangoni

Yekosofati Isabirye Bogere, mwana wa Semei aliyepiga ngoma ya kanisa kwetu miaka ishirini bila kukosa Jumapili, mjukuu wa Yekosofati wa kwanza aliyekwenda Burma na Keya, jeshi la Waingereza, akiwa na tarumbeta begani, akarudi nayo. Huyo ni ndugu yangu, tumbo moja na mimi. Yeye mwenyewe alipiga tromboni katika bendi ya polisi, mbele ya magavana na mbele ya marais, na hakuna aliyewahi kumwambia amekosea nota.

Alipostaafu alikusanya watu wanane hapa Kimaka, Jinja, akaanzisha bendi yake. Walipiga nyimbo za Waingereza. Kwanza zile za wale vijana wanne wa Liverpool, na miaka ya tisini ilipofika, za vijana wapya wa Manchester wenye magita ya kelele. Gita sisi hatukuwa nalo hata moja. Kazi ya gita ilifanywa na tarumbeta. Kaseti pia hatukuwa nazo. Jumamosi alasiri, redio ya London ilipopiga nyimbo mpya, wote waliketi sebuleni kwangu, kila mtu na sikio lake: huyu besi tu, yule ngoma tu, mwingine sauti ya mwimbaji. Mimi nilishika maneno, maana nilisoma mpaka darasa la sita, wakati darasa la sita lilikuwa darasa la sita. Wimbo ukiisha, kila mmoja anaandika kipande chake kwa do-re-mi, halafu vipande vinaunganishwa. Kwa kusikia mara moja!

Mwaka 1996 Wahab, mwenye ukumbi kule Namatala, Mbale, alituletea habari. Vijana wake walitaka wimbo fulani mpya wa Waingereza. Tukiupiga kama redioni, dansi zote za Desemba ni zetu. Tukishindwa, analeta disko. Bila Desemba ile bendi ingekufa. Wawili walikuwa wameshaanza kuulizia kazi kiwandani.

Jumamosi ikafika, wimbo ukapigwa, tukaunasa wote isipokuwa mwisho. Mwisho haukuwepo. Vijana wale walirudia kiitikio, sauti ikapungua, ikapungua, ikapotea, mtangazaji akaingia. Katika bendi ya polisi wimbo hukatwa kwa pigo moja na saluti. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ramula binti Marjan, Mnubi wetu mpiga tarumbeta, alisema labda kuna mtu huko London anazungusha kitufe cha sauti. Bogere alimcheka. Mwingereza gani mwenye akili atamzima mpigaji katikati ya kazi?

“Hawa wanapiga wakiondoka,” akasema. “Mguu sawa, wanatoka mlangoni. Bendi ikienda mbali inasikika hivyo hivyo.”

Sote tulikulia karibu na kambi ya jeshi. Tuliona amesema kweli.

Jumapili mchana ukumbi wa Namatala ulijaa. Waliupiga wimbo ule mpaka vumbi likainuka sakafuni. Kilipofika kiitikio cha mwisho Bogere aliinua mkono, na bendi ikageuka kushoto, ikatoka nje ikipiga. Watu walishangaa kidogo, halafu wakafuata wote, wakiimba. Goti bovu lilimzuia ndugu yangu. Tukabaki ndani yeye, mimi, Wahab na viti.

Sauti ikapungua, ikapungua. Bogere akafumba macho kwa raha.

“Sikiliza, bwana. Redio kabisa.”

“Afande, watu wangu wako wapi?”

“Wanapotea.”

“Na watarudi saa ngapi?”

Hapo Bogere alifungua macho. Hilo hakuwa amelipanga, kwa kuwa redio haikutuonyesha. Nje kukawa kimya. Wahab akaanza kumsifu mtu wa disko wa Nakaloke, ambaye vyombo vyake angalau havina miguu.

Kisha nikasikia kitu kama mbu. Kikawa kama nyuki. Kikawa tarumbeta ya Ramula. Huko barabarani, alipoona hakuna amri, aliigeuza bendi mwenyewe na kuuchukua wimbo pale pale ulipopotea, akaukuza hatua kwa hatua. Walirudi na wauza nyanya, waendesha baiskeli na askari magereza wawili wenye sare. Mlango haukutosha. Wahab alipanda juu ya kiti ili aone mwisho wa watu, akakosa kuuona.

“Desemba yote,” akasema. “Na Krismasi mwingie mkitokea barabarani.”

Bogere alimwita Ramula mbele ya wote, uso umekazwa. Kugeuza bendi bila amri ni kosa kubwa kwa askari.

“Nani alikuambia ugeuke?”

“Hakuna, Mzee. Lakini ulikuwa umetutuma Soroti, maili sitini kwa miguu.”

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndugu yangu naye alicheka, akampa fimbo yake ya kuongozea bendi.

“Mimi nilijua kutoka tu,” akasema. “Desemba utatembea mbele wewe. Na Jumamosi, wimbo mpya ukipigwa, kaa wewe karibu na redio. Unase mwisho wake, na uniandikie bendi itarudi vipi.”