Pipa Alilokalia Baba Mkwe

Jamani, yule mwanamke aliyekimbia gari ni mimi. Najua huko Ikolo mpaka leo mnasimuliana, na kila anayesimulia anaongeza lake (wapo wanaosema nilikimbia mpaka ziwani, uongo mtupu, niliishia kwenye migomba), kwa hiyo leo naisema mwenyewe, maana aibu ni yangu na naijua kuliko nyinyi wote, na nikimaliza mcheke mkitaka, hata mimi huwa nacheka, ingawa si kila mara.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mume wangu Andongwisye karudi kutoka migodini Rodeshia. Wenzake waliporudi walileta baiskeli, wengine cherehani, wengine gramafoni. Wangu kaleta gari, tena gari dogo la Kiingereza, limetoka huko ng'ambo kwa meli, likatumiwa na mzungu mmoja wa mgodini, ndipo likatufikia sisi. Mimi nilijiona malkia. Nilikuwa nalifuta vumbi hata siku ambazo halikwenda popote.

Aliyemuuzia alimwonya neno moja tu: injini hii inabana sana, inataka petroli kali, ukiipa ile dhaifu ya malori itagonga. Siku hizi nyinyi mnasimama kwenye pampu mnachagua namba, oktani hii, oktani ile. Sisi pale Kyela tulikuwa na duka moja lenye mapipa mawili, moja limepigwa mstari mwekundu, hiyo ndiyo kali, na la pili mstari mweupe, petroli ya malori. Andongwisye alinieleza habari hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka kuisikia, kwamba petroli dhaifu ikibanwa na injini ya namna ile inashika moto kabla ya wakati wake, basi injini inapigwa kutoka ndani mpaka nguvu inaisha. Mimi naitikia "ee, ee" huku napepeta mchele.

Sasa, baba yake. Baba mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, ameshafika mahali pa kuona mwanga na vivuli basi, na alikuwa mtu aliyependa shamba lake la mpunga kuliko chakula. Tukasikia daktari wa macho amekuja hospitali ya misheni huko juu, ng'ambo ya Tukuyu, naye anaondoka keshokutwa, na haijulikani atarudi mwaka gani. Ilikuwa tumfikishe sasa au mzee abaki gizani mpaka kufa. Na mgonjwa hospitalini anapikiwa na watu wake, mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wa kwenda kupika ni mimi.

Hapo ndipo penye kazi, kwa asiyejua mila zetu. Kwetu Unyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hatamki jina lake, akimwona njiani anajitupa majanini na nguo kichwani. Wamisheni walitukataza, tukasema amina, tukatoka kanisani tukaendelea vilevile, kwa sababu ile si hofu tu, ni heshima, nami nilifundishwa na mama yangu tangu kifua hakijaota. Miaka yote ya ndoa yangu mzee yule hakuwahi kusikia sauti yangu. (Na tena alikuwa haoni! Nilikuwa namkimbia mtu asiyeweza kuniona, nami sikuwahi hata siku moja kuona kichekesho chake.)

Basi safari ikapangwa. Baba mkwe atangulie amepakiwa na jirani kwenye baiskeli, akatusubiri dukani Kyela. Akifika garini akae mbele na mwanawe, mimi nilale kiti cha nyuma chini ya shuka, kati yangu na wao kuning'inie mkeka uliofungwa kamba. Tukapakia mchele, mkungu wa ndizi na vyungu vyangu viwili vya Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, vizuri mno, nilivinunua mwenyewe Matema.

Tukafika karibu na duka, gari likazima. Tanki kavu. Andongwisye alikuwa bado anahangaika na kamba za mkeka, akanipa debe. "Kimbia uniletee. Mstari mwekundu, umesikia? Mwekundu."

"Nimesikia."

Nikafika dukani na debe langu kichwani, nikazunguka pembeni yalipo mapipa. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye pipa. Sisemi karibu na pipa, nasema juu yake, ametulia, fimbo katikati ya magoti, na chini ya kisigino chake mstari mwekundu unang'aa. Nikavuta kitenge mpaka puani, nikarudi nyuma. Nikamnong'oneza mwenye duka kupitia dirishani kwamba nataka petroli, naye alikuwa anampimia mtu kitambaa, akasema bila kuinua kichwa, "Bomba liko huko nje, mama, jaza mwenyewe."

Ningefanyaje? Niseme kwa sauti mzee ainuke, aisikie sauti yangu mbele ya soko zima, mke anamwinua baba mkwe kama kuku anayeinuliwa kwenye mayai? Nikalitazama pipa la mstari mweupe, limekaa peke yake upande wa pili, halina mtu. Nikajiambia, malori yanatoka hapa kila siku yamejaa magunia ya mpunga, yanapanda mpaka Tukuyu kwa petroli hii hii, na petroli inayopandisha magunia yote yale itashindwa na mzee mmoja mwembamba? Nikanusa. Harufu ni ileile. Nikajaza, nikajitwika, nikarudi nikitembea kama mtu mwenye akili.

"Mwekundu?" Andongwisye akauliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mdomo uliona haya, kichwa hakikuona.

Tukampitia mzee dukani, akaingia, akakaa mbele, mimi nikajikunja chini ya shuka na mkungu wa ndizi mgongoni. Tambarare yote gari lilikwenda vizuri, nikaanza hata kumdharau yule mzungu na maonyo yake. Tulipoiacha Busale nyuma barabara ikaanza kupanda, ndipo nikaisikia. Ko-ko-ko-ko. Mwanzo polepole, kisha kwa hasira.

"Andongwisye," baba mkwe akasema, "nani anatwanga?"

"Ni injini, tata."

"Inatwanga nini?"

"Sijui, tata. Na nimeipa petroli kali kabisa."

Chini ya shuka nikaanza kutoka jasho. Neno lilikuwa hapa, kooni. Lakini nikilisema mzee atanisikia, nikinyamaza huenda kilima kikaisha. Nikanyamaza. Kilima hakikuisha. Gari likakohoa, mvuke ukatoka mbele, likasimama katikati ya mwinuko, na mume wangu akashuka na kulizunguka akilisemesha kwa Kinyakyusa, Kiingereza na lugha ya migodini.

Lilipopoa akasema tulisukume hadi pale juu penye tambarare kidogo, huenda likawaka. Akina mama waliokuwa wanashuka sokoni wakatua vikapu vyao kutusaidia, mmoja wao Mama Lugano wa Talatala, anayetufahamu wote. Nikashuka na shuka langu kichwani, nikaenda nyuma kabisa ya gari, nikaweka mikono. Mume wangu akashika usukani. Baba mkwe aliambiwa abaki ndani.

Hakubaki. "Macho ndiyo mabovu," nikamsikia akisema, "mikono ni mizima." Akashuka, akaja akipapasa bati la gari, taratibu, mpaka nyuma, akaweka mikono yake pale pale kando ya yangu. Bega lake likagusa bega langu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ndaga, mama," akanishukuru kwa upole, akidhani mimi ni wa njiani. "Mungu akubariki. Wewe ni wa wapi?"

Nikasukuma.

"Mbona husemi? Umechoka?"

Nikasukuma zaidi. Wale wanawake wengine walikuwa hawajanitambua kwa sababu ya shuka, lakini Mama Lugano akainama, akachungulia uso wangu, akapiga ukelele: "Yesu wangu! Si mke wa mwanao huyo!"

Nikaachia, nikakimbia. Kosa lingeishia hapo lingekuwa dogo, lakini wale akina mama wote walikuwa wake za watu wa kwetu, wamelelewa nilivyolelewa mimi, na waliposikia baba mkwe na mke wa mwana wamegusana, kila mmoja akaachia gari na kuruka pembeni kwa heshima! Mama Lugano akawahi kumvuta mzee kwa koti. Gari likarudi nyuma na mume wangu ndani anapiga kelele, likaingia mtaroni, likalala ubavu kwenye tope, na nilichosikia ni vyungu vyangu vya Matema vikivunjika, kimoja, halafu cha pili.

Mimi nilikuwa nyuma ya mgomba mwembamba kuliko mimi. Kila mtu ananiona, na mimi nimefumba macho.

Likaja lori la mpunga kutoka Kyela, limejaa mpaka juu. Dereva akasimama, akamtoa Andongwisye (mzima, amejaa tope), akasikiliza habari ya kugonga, akafungua tanki akanusa, akachovya kijiti akakitazama. "Bwana, hii ni petroli yangu mimi. Lori langu halina haraka, linaila bila shida. Gari lako linabana, hii hailifai. Nani kakuwekea?"

"Nimeweka mwekundu," mume wangu akasema, na huku anasema akageuka polepole kuelekea migombani. Wakageuka wote.

Nikaona hapa siwezi tena. Nikasema kwa sauti, kutoka nyuma ya mgomba, sauti ambayo baba mkwe hakuwahi kuisikia: "Sikuweza kupita! Baba alikuwa amekaa juu ya lile pipa jekundu!"

Wakacheka, Mungu wangu, walivyocheka, wengine wakakaa chini. Mume wangu hakucheka. Baba mkwe naye hakucheka. Alisimama ameegemea fimbo, uso kauelekeza huko sauti ilikotoka, akasema, "Kumbe nilikuwa nimekalia macho yangu mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Nililia pale, siwafichi, nililia nikajua kwamba heshima yangu yote ile ingemwacha yule mzee kipofu, na kwamba neno dogo la "samahani, inuka" lilikuwa zito kwangu kuliko debe la petroli.

Dereva wa lori akakubali kumchukua mzee. Andongwisye asingeweza kuliacha gari mtaroni, basi wa kumfikisha hospitalini nikabaki mimi. Mzee akakaa mbele, mimi juu ya magunia, tukapanda vilima vyote vile, lori linaguguma kwa petroli ileile iliyotushinda, bila kugonga hata kidogo. Nilikuwa nalisikiliza huku najitukana.

Tuliposhuka, mzee hajui njia na mimi siwezi kumshika mkono. Nikaokota mwanzi, nikamgusa nao kiganjani, akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine, nikamtangulia nimempa mgongo. Penye jiwe nagonga mwanzi kwa kidole, naye anainua mguu. Hatukusemezana. Tulimkuta daktari bado yupo.

Alimpasua. Nikapika siku zile zote, nikitoa chakula kwa muuguzi mlangoni. Siku ya kufungua bandeji nilijificha nyuma ya mlango, kama ada, nikasikia kitambaa kinafunguliwa, kisha mzee akaanza kutaja vitu kimoja kimoja. Dirisha. Kikombe. Mkono wangu. Halafu akasema, "Mwambieni huyo aliye nyuma ya mlango kwamba pipa nimeshaliachia. Apite."

Nikapita. Nikapiga magoti, nikamsalimu, na akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Gari tulilitoa mtaroni, na tangu siku ile halikuonja tena petroli dhaifu, maana nilikuwa nakwenda kununua mwenyewe, na hata angekuwa amekaa askofu nilikuwa nasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Shikamoo, naomba uinuke, nataka ile nyekundu." Na baba mkwe, mpaka anaingia kaburini na macho yake mazima, kila alipokaribishwa kiti mahali alisimama kwanza, akakitazama vizuri, akauliza, "Hapa ninakalia nini cha watu?"