Ngamia Mweupe na Ugoro wa Baba Mkwe

Nilipohamia kwa wakwe zangu, mbele ya Kisongo, upande wa Mlima Meru usio na mvua, nilikuwa sijawahi kugusa mnyama mrefu kuliko mimi. Nimekulia Sekei, kwenye migomba na maji ya mfereji, na kazi yangu ni cherehani. Mume wangu anaendesha magari ya watalii, wiki nyingi yuko porini. Kwa hiyo maisha yangu ya kila siku yalikuwa na watu wawili tu: baba mkwe, na mama mkwe ambaye kama watu wote wa pale nilimwita Yeyo, yaani mama.

Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wao. Yeyo akaenda tambarare za kaskazini ya mlima, kwa mzee mmoja mfugaji, akarudi na ngamia majike watatu. Baba aliwatazama wakiingia getini, akasema, "Hawa si wanyama wetu." Akaingia ndani.

Yeyo hakuwapa majina. Tuliwaita kwa rangi zao, na haikupita muda nikajua kwamba rangi ndiyo kitu kidogo kabisa kinachowatofautisha.

Mweusi alikuwa bibi kizee. Yeye ndiye aliyeamua tunaondoka saa ngapi kwenda malishoni na tunapita njia ipi. Ukimswaga anasimama, anakuangalia kutoka juu kama mke wa mchungaji anayesubiri watoto wanyamaze, halafu anaendelea kwa wakati wake. Mwekundu alikuwa mwizi. Alipenda chumvi kupita kitu chochote, akaramba masufuria, majivu, hata kipande cha sabuni nilichokiacha kwenye karai. Siku jumuiya iliposali nyumbani kwetu, katikati ya wimbo aliingiza kichwa dirishani, akabaki hapo anatafuna taratibu mpaka baraka ya mwisho. Mwinjilisti alijikaza. Mimi nilitoka nje kucheka.

Mweupe alikuwa mwoga. Kivuli cha mwewe kilimkimbiza, na kanga ikipepea kwenye kamba hapiti. Lakini alikuwa na mapenzi ya ajabu kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni baba mkwe. Baba hunusa ugoro, na ugoro wake umechanganywa na magadi. Mweupe aliisikia ile harufu ya magadi kutoka mbali. Baba akikaa kwenye kigoda chake, Mweupe huyo, anakuja kwa madaha, anashusha shingo na kuingiza pua kwenye mfuko wa koti. Kisha anapiga chafya. Baba alikuwa anafuta uso na kufoka, "Yeyo, njoo umtoe mnyama wako." Hata yeye alimwita mkewe Yeyo.

Mweupe alikuja na mimba, na mimba ya ngamia inapita mwaka. Tulisubiri mpaka tukachoka kusubiri. Kila asubuhi Yeyo alikuwa anainama kutazama kiwele na kutikisa kichwa.

Asubuhi yenyewe ilipofika, nilikuwa barazani nashona sare za kwaya. Nikaona ngamia hawajatoka bomani ingawa lango liko wazi. Mweupe alikuwa anazunguka, analala, anainuka, anazunguka tena. Mweusi amesimama langoni kama mlinzi. Baba alikuwa anatengeneza ua wa miiba hapo karibu, na Mweupe akaenda kulala karibu yake kabisa, mgongo wake ukigusa ua. Safari hii hakutafuta mfuko.

Baba akaweka panga chini. "Mwanangu," akaniambia bila kugeuka, "mwite Yeyo. Mwambie aje polepole."

Nilikwenda mbio.

Tulipofika, miguu miwili ilikuwa imeshatokeza, mirefu na myembamba, kwato zake laini kama mpira. Baba amezalisha ng'ombe maisha yake yote. Akachungulia, akasema kwa sauti ya chini, "Kichwa kiko juu ya miguu. Vizuri. Mtu asiongee." Mweupe akaguna, akasukuma, akapumzika, akasukuma, na ghafla kitu chote kikateleza chini: shingo, nundu ndogo iliyolala kama mfuko mtupu, na miguu, miguu isiyokwisha. Jike. Rangi ni ya mama yake.

Mweupe akainuka, akageuka, akanusa, akaanza kutoa sauti ya puani, mm, mm, mm. Basi. Akasimama tu. Mtoto amelowa, anatetemeka kwa upepo wa mlimani, na mama hamlambi.

"Anamkataa," Yeyo akasema, na uso wake ukabadilika.

Kwa ng'ombe dawa yake inajulikana: mnyunyizie ndama chumvi, mama atamlamba. Yeyo akakimbilia jikoni, akarudi na chumvi, akamnyunyizia mtoto mgongo mzima. Mweupe hakujali. Aliyejali ni Mwekundu. Alitoka kona ya boma kwa mwendo ambao sikujua anao, ulimi nje, moja kwa moja kwenye chumvi. Yeyo anamsukuma kifua, mimi namvuta mkia, wala hakutujali. Mweusi ndiye aliyemaliza ugomvi: aliweka shingo yake juu ya shingo ya Mwekundu, akamkandamiza, akamsukuma mpaka kwenye ua wa miiba, akabaki amemzuia.

"Mpigie mzee aliyetuuzia," Yeyo akaniambia.

Pale kwetu mtandao unapatikana juu ya jukwaa la tanki la maji. Nikapanda na gauni langu. Yule mzee alipokea simu, nikamwamkia shikamoo kwa haraka isiyo na adabu, nikamweleza.

"Anauliza kama mama anatoa sauti," nikapaza chini.

"Anaguna kwa pua," Yeyo akajibu.

"Anauliza kama anamfukuza mtoto."

"Hapana. Amesimama tu."

Nikasikia mzee anacheka, kicheko kirefu cha mtu mwenye nafasi. Nikawaambia wale wa chini, "Anasema ngamia hamlambi mtoto wake. Ndivyo walivyo. Anasema tumkaushe sisi."

Yeyo akashika kiuno, akaanza kucheka na yeye, machozi yanamtoka. Na hapo, kutoka juu ya tanki, nikamwona baba mkwe anavua shuka yake, ile nyekundu nzito ya kwendea mikutano, anapiga magoti kwenye vumbi na kuanza kumsugua mtoto wa ngamia, masikio kwanza, kisha shingo, kisha mbavu. Mweupe alishusha kichwa akamnusa mtoto, akamnusa na baba, akaendelea na mm, mm yake.

Niliposhuka, mtoto alikuwa anajaribu kusimama. Alikunja miguu ya mbele, akanyanyua ya nyuma, akaanguka na pua. Akarudia. Aliposimama alikwenda kutafuta ziwa kwenye goti la baba, kisha kwa Mweusi, ambaye alivumilia. Yeyo akamshika kiuno na kumwelekeza kwa mama yake. Tulisikia anavyofyonza kabla hatujaona. Baba akasema, "Dang'a imeshuka, maziwa ya kwanza hayo," nikagundua nilikuwa nimemshika mkono baba mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Hakuutoa.

Majirani walikuja siku nzima. Baba aliwaeleza mmoja mmoja kwamba ngamia halambi mtoto, kama jambo alilozaliwa analijua.

Mtoto alipopata nguvu, Yeyo alinifundisha kukamua. Unasimama kwa mguu mmoja, unakunja wa pili na kuweka kibuyu juu ya paja. Mtoto ananyonya chuchu za upande wake, wewe unakamua za upande wako, upesi, maana maziwa yakishuka hayakai. Mara ya kwanza kibuyu kilinicheza pajani. Kisha maziwa yakaja kwa kishindo, ya moto, povu likapanda mpaka mdomoni mwa kibuyu na kunimwagikia kwenye vidole, na Yeyo kutoka upande wa pili wa mnyama alikuwa ananiambia, "Usiache, mwanangu, usiache, bado yanakuja."