Fundi Apolinary na Alama za Mitumbwi

Tabitha hakumwamini Apolinary tangu mwanzo. Fundi redio wa Buhare, shule aliishia la saba, leo anazunguka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kufunga visanduku kwenye mitumbwi, tena bure! Bure hiyo inalipwa na nani?

Apolinary alisema kisanduku kinaonyesha mtumbwi ulipo, ili ukipata shida watu wajue pa kutafuta. Wavuvi wakanong'ona: hiyo ni mitego ya doria, wanawatafuta wenye kokoro, nyavu zilizokatazwa. Masatu, mume wa Tabitha, akakubali kufungiwa. Nyumbani kukawa hakukaliki.

Siku moja Tabitha alikwenda Iringo kuuza dagaa, akamwona Apolinary kando ya duka na ofisa wa doria. Ofisa anaongea kwa kidole, fundi katazama chini. Tabitha akamfuata mpaka kibandani kwake.

"Fundi, unatuuza?"

Apolinary hakukasirika. Alimpa bisibisi na kisanduku kimoja. "Fungua mwenyewe, Mama Gloria."

Akamweleza kila waya, akirudia bila kuchoka. Kisha akampa simu inayopokea alama za mtumbwi wa Masatu. "Ikae kwako. Mimi sibaki na nyingine."

"Na yule ofisa?"

"Tuliongea tu."

Jibu hilo lilimkera. Msafi anaficha nini? Akaifungia simu kabatini.

Alasiri moja upepo ukalivuruga ziwa. Mitumbwi ikarudi, wa Masatu haukuonekana. Tabitha akaitoa simu. Alama ilikuwa upande wa mawe, mbali kabisa na kule Masatu alikoaga kwamba anakwenda. Ama kifaa kinadanganya, ama mume. Wanaume walishawasha injini kuelekea kule alikoaga.

"Nendeni kwenye mawe!" akapiga kelele, huku mwenyewe hana hakika.

Wakamkuta Masatu kang'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Upepo ndio uliomsukuma huko.

Kesho yake ofisa alikuja mwaloni kuuliza habari za ajali. "Fundi wenu mkaidi," akalalamika. "Nilimwambia anipe alama zenu zote, akakataa. Na kibali cha mnara alichoomba ili alama zifike mbali nikamnyima."

Tabitha akaenda Buhare moja kwa moja. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?" Apolinary aliuliza kwa upole, akaendelea kuunga waya.

Tabitha alilijua jibu. Asingemwamini.

Siku hizi ndiye anayewafundisha wavuvi kukitumia kisanduku. Ngusa, jirani yake, bado anakataa. Anasema huyu mama naye wamekwisha kumnunua. Tabitha hamgombezi. Yeye mwenyewe alikuwaga hivyo hivyo.