Aliyekuja Gurei kuhesabu moshi, nikampa majina ya marehemu tisa (Juba, miaka ya CPA)

Wakuu, shikamooni walionizidi umri, kama mmebaki. Wengine wote marahaba.

Mimi ni bibi. Shule niliacha darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja, msinikimbize. Haya yamenipata mwenyewe, na nusu ya kosa ni langu, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Jina langu sitoi. Mkisoma mtajua kwa nini.

Ilikuwa ile miaka ya CPA, mkataba wa amani wa Sudan, bunduki zimenyamaza, kura ya uhuru bado. Nilikuwa nimerudi Juba kutoka Kitale, nilikokaa ukimbizini miaka mingi. Nikapata kiwanja Gurei, karibu na khor, yaani kile kijito cha msimu. Niliishi na mjukuu wangu Poni, miaka saba.

Pale khor tulikuwa watu tisa tunachoma matofali. Mji mzima unajengwa, tofali halipoi kabla halijabebwa.

Halafu ukaja mtambo wa kuchemsha lami ya barabara. Wakauweka pale pale, ukirusha jiwe karibu unaupata.

Moshi wa kuni mimi nimezaliwa ndani yake. Huu ulikuwa mwingine. Mweusi, mzito, una ladha. Unakunywa chai unaukuta kwenye kikombe. Poni akaanza kukohoa. Baadaye akawa akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, unaweza kuzihesabu.

Siku moja akatokea kijana Mkenya, Mutiso, mtu wa Machakos, miwani na kofia. Ana fomu na kamashine ka GPS. Anasema wanaandika orodha ya moshi wote wa viwanda Juba. Jenereta za mahoteli, tanuri za mikate Malakia, mashine za kusaga mawe, kila kitu.

"Shosho, hiki kiwanda ni cha nani?"

"Kiwanda! Kijana wangu, mimi nina punda mmoja na majembe mawili."

"Hata tanuri ni kiwanda. Chimney yake ina urefu gani?"

"Haina. Moshi unatokea popote, kama umbea."

Akacheka, akaandika. Kisha akachukua chaki, akaandika namba kwenye tanuri langu.

Wakuu, pale damu ikanisimama.

Wasioijua Juba ya wakati ule niwaambie. Nyumba ikiandikwa ukutani, kesho tingatinga. Na wakati wa vita, orodha ya majina haikuwa karatasi, ilikuwa shimo. Shemeji yangu Wani Lokule alisomwa kwenye orodha. Akaenda kuitika. Vilirudi viatu.

Sasa huyu anaandika moshi. Moshi utaukamata na nini? Nikajua moshi ni kisingizio, wanataka viwanja.

Akauliza tena jina la mwenye tanuri. Nikasema, "Wani Lokule. Amekwenda shamba."

Niliona aliyekwisha kuchukuliwa hachukuliwi mara ya pili.

Na kwa kuwa pale khor mimi ndiye ninayejua majina ya kila mtu, Mutiso akaniomba nimzungushe. Matanuri tisa, nikampa marehemu tisa. Moyoni nawaambia, malesh, ndugu zangu, mnisamehe, nisaidieni leo tu. Tanuri la jirani yangu Keji nikalipa jina la baba yake, Lado Tombe. Keji mwenyewe sikumwambia.

Mutiso akashukuru sana. Eti nimemrahisishia kazi.

Miezi ikapita, Poni anazidi kuugua. Nesi wa zahanati akaniambia, mama, dawa hii haishindani na moshi, mwondoe mtoto. Nimpeleke wapi? Kenya nimeshafunga ukurasa, hapa ndipo nyumbani.

Ndipo Keji akaja. Yeye huniita habuba, yaani bibi. "Habuba, ile orodha ya moshi inasomwa ukumbi wa Nyakuron. Kila mwenye chake athibitishe."

Nikaenda naye, kuwavizia. Nilitaka kusikia kitu kimoja: mtambo wa lami umeandikwa au umerukwa?

Ukumbi umejaa. Mutiso anasoma, mtu anasimama, anasema ndiyo changu. Wakafika Gurei.

"Wani Lokule."

Kimya.

"Lado Tombe."

Keji akanishika mkono. "Habuba, wanamwita baba. Nani amempa jina la baba yangu?"

Mutiso akaendelea kusoma.

Majina tisa, kimya mara tisa. Mtambo ulikuwepo kwenye orodha, ndiyo, wa mwisho. Akasimama msimamizi wake, shati jeupe, viatu vinang'aa.

"Mmeona? Wenye moshi wamekimbia. Kikohozi cha Gurei kitafuteni kwenye hayo matanuri tisa. Chimney yetu ni ndefu, moshi wetu unakwenda mbinguni."

Na Mutiso, masikini, akainamia fomu kama anayekubali.

Nikaelewa nilichofanya. Nimewaficha walio hai, na mtambo umepata pa kutupia moshi wake. Nikinyamaza, Poni ndiye atakayelipa.

Nikasimama.

"Hao tisa ni marehemu. Niliwataja mimi."

Mutiso akavua miwani. "Shosho, si uliniambia Wani Lokule amekwenda shamba?"

"Alikwenda, kijana wangu. Hakurudi."

Nikaanza na jina langu mwenyewe, lote, na la baba yangu. Kisha wanane wenzangu. Nikataja kila tanuri liliwaka lini. Langu mara mbili tu kiangazi kile: wiki tuliyomzika jirani yetu Jada Pitia, na wiki jirani mwingine, Kiden, alipojifungua mapacha. La Keji mara moja. Mutiso anaandika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

"Khor ilipokauka hatukuwa na maji ya kufinyangia," nikasema. "Matanuri yote tisa yalilala mwezi mzima. Mwezi huo huo nilimbeba Poni mgongoni mara tatu kwenda zahanati. Nani alikuwa anawaka?"

Shati jeupe akacheka. "Mama huyu amewadanganya, leo mnamwamini?"

"Nilidanganya majina. Moshi sikuweza kuuficha. Na mimi nimeshajitaja. Wewe, mwenye mtambo wako anaitwa nani?"

"Ni kampuni."

"Kampuni haizaliwi. Mama yake alimwita nani?"

Ukumbi ukaanza kuguna. Mutiso akafungua fomu ya mtambo. Mahali pa jina la mwenye mali palikuwa peupe. Shati jeupe akakaa.

Misimu miwili ya mvua baadaye mtambo ukahamishwa nyuma ya Jebel, ule mlima wa pembeni mwa mji. Na sisi tukaambiwa matanuri yakae mbali na nyumba. Langu nikalizima kabisa, nikapanda kunde. Poni sasa ni mama, akicheka anasikika mpaka barabarani.

Keji alininunia kiangazi kizima. Halafu akaja na sahani ya karanga. "Habuba, hata kaburini umempa baba yangu kazi." Tukacheka, tukalia.

Nilichojifunza, wakuu: anayekuja na karatasi muulize inakwenda wapi, muulize mpaka achoke. Lakini usimpe uongo. Uongo wako atauokota mwingine, ajifunike nao.

Sijaacha kushuku, msinielewe vibaya. Karatasi ile ina jina langu, na sijui leo iko kwenye kabati la nani. Na nyuma ya Jebel nako kuna watu, kuna watoto. Nani aliwauliza?

Majina yote ya siku ile ninayo kichwani, ya wafu na ya walio hai. Linalokosekana ni moja tu. Miongoni mwenu wapo mliofanya kazi Juba wakati ule, kwenye mabenki, mashirika na barabara.

Mwenye mtambo alikuwa nani? Anayejua aandike hapa chini. Nasubiri, na wengine mlioandikwa kwenye orodha msizozielewa, semeni nanyi.