Goti la Kulia la Silvana

Silvana hakuomba apone. Akiwa amekaa kwenye kitanda cha hospitali mjini Sumbawanga, miguu ikining'inia, alimwomba Mungu goti lake la kulia lisiruke likigongwa, maana alisikia goti zima ndilo huruka. Ndiyo, mtu anaweza kufikishwa hapo.

Tangu ateleze na gunia la ulezi wakati wa mavuno, maumivu yalimtoka mgongoni hadi mbele ya paja, na akipiga magoti hainuki. Basi siku ya kipaimara cha mwanawe, mbele ya ukoo mzima, akawaamkia wazee amesimama. Mke wa mtu, Ufipa hii ya kuamkia kwa magoti! Mama mkwe wake, Coleta, alimwambia wazi: "Daktari akikukuta mzima, urudi kwenu Mwimbi." Mumewe akageukia wageni wake. Ulimi sijui alimwachia nani.

Sasa Coleta alikuwa kitini pembeni, amekuja kujionea mwenyewe.

"Simama kwa ncha za vidole, mama," alisema Daktari Margareth, binti mdogo tu. Silvana akasimama. "Tembea kwa visigino." Akatembea. Mbona naonekana mzima? akawaza. Daktari akamkalisha tena. "Nyoosha goti, nami nazuia." La kushoto lilimshinda daktari. La kulia likasukumwa kirahisi.

"Anajilegeza huyo," Coleta akasema.

"Misuli mtu anaweza kuilegeza, bibi. Kinyundo hiki hakidanganywi."

Akagonga chini ya goti la kushoto kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka. Akagonga la kulia. Kimya.

"Shikanisha vidole vya mikono, uvute kwa nguvu. Tazama dirishani, usiuwaze mguu."

Silvana akavuta. Kinyundo kikagonga tena. Mguu ukaning'inia tu. Kisigino kilipogongwa, unyayo ukashtuka vizuri.

Margareth akamgusa kiunoni. "Kisigino kinajibu, goti halijibu, paja halina nguvu. Mzizi wa neva uliobanwa ni wa hapa, si wa chini zaidi. Tutapiga picha tuhakikishe. Hajilegezi, bibi."

Silvana alifurahi, kisha akaogopa: kumbe anaumwa kweli. Kwa mazoea akashuka kitandani, akaanza kuinama apige magoti kumshukuru daktari.

Mkono ukamdaka kwapani.

"Acha," Coleta akasema. Akamkalisha kwenye kiti chake. Kisha yeye mwenyewe, mbele ya binti ambaye angeweza kumzaa, akapiga magoti sakafuni.

"Asante, daktari. Huyu mwanangu hawezi."