Lijamu la Farasi wa Babu

Nilijitia mdomoni lijamu, kile chuma anachotiwa farasi kinywani, nikajifunga ukanda wake kisogoni ili mdogo wangu anipande. Bizimu la kufungia ukanda likakwama kwa kutu, lisifunguke.

Hata leo, nikipeleka viatu vya shule kwa fundi, harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi hunirudishia ladha ya chuma kile. Babu alikuwa akipandisha watalii farasi ufuoni Nyali. Farasi alishakufa, lakini ngozi ya vifaa vyake bado aliipaka mafuta kila Ijumaa.

Siku ile Mama alinikokota kwa fundi wa viatu anifungue, Kisauni nzima ikitutolea macho.

“Mtoto huyu haamkii wakubwa?” akauliza mzee mmoja barazani.

“Ana chuma mdomoni, mzee wangu!”

Fundi akashika kisu. Babu akatokea nyuma yetu akihema, chupa ya mafuta mkononi.

“Usikate! Ukanda huu ndio uliobaki.”

“Baba, na mjukuu wako je?”

“Wajukuu ninao wengine.”

Akadondosha mafuta, akasugua kwa kidole gumba polepole mpaka bizimu likaachia. Akaufuta ukanda kwanza, ndipo akanifuta mate.

Mama akashusha pumzi. “Haya, mdomo ushafunguka. Rudi njia nzima ukawaamkie wote uliowapita.”