Laptop ya marehemu Muli imeninyamazisha leo

Leo nimetangaza kifo cha kadi ya sauti, kumbe ilikuwa hai.

Mnanijua. Hapa Kalamba hakuna redio imewahi kunishinda. Mashine ya kusaga pale Mukuyuni niliifufua kwa kuisikiliza tu, nikiwa ng'ambo ya barabara.

Sasa asubuhi mke wa marehemu ndugu yangu Muli akaniletea laptop ya zamani ya mumewe, ile inayotumia Linux badala ya Windows. Ndani kuna rekodi ya Muli akifundisha kwaya. Kesho ni ibada ya kumkumbuka, na mtoto wao alizaliwa baada ya mazishi. Hajawahi kusikia sauti ya baba yake.

Nikabonyeza. Kimya.

Nikaandika amri zote za Linux ninazojua, zote mbili. Kimya.

Nikafungua skrubu kumi na moja, nikapangusa, nikafunga. Kimya.

"Shemeji, kadi ya sauti imekufa. Na mimi nikisema imekufa, imekufa."

Hakulia. Aliinua laptop kwa mwanga wa dirisha, akachungulia tundu la earphone.

"Shemeji, na hii ni nini?"

Ncha ya earphone ya Muli, iliyovunjikia humo ndani. Miezi hii yote laptop ilidhani earphone imechomekwa, ikawa bado inampelekea Muli sauti masikioni.

Akaichokoa na sindano, polepole. Nikabonyeza tena.

"Soprano, mmechelewa tena!" Muli akafoka.

Shemeji akaketi chini na mtoto mgongoni. "Huyo ndiye baba yako," akamwambia.

Mimi, na mdomo wangu huu wote, nilikosa neno.

Nyinyi mngesema nini?